KUSOMA KWA PAMOJA VITABU VYA MAZINGIRA: KIKUNDI CHA WASOMAJI KAMA MIZANI YA MANENO

Nia ya makala haya ni kueleza kazi moja inayostahili kutazamwa na wataalamu wa lugha, nayo ni kazi ya vikundi vya wasomaji wanaokutana mitaani na vijijini kusoma vitabu vya habari za kweli juu ya mazingira na tabianchi. Vitabu hivyo aghalabu vimeandikwa kwa Kiingereza, bali mazungumzo juu yake hufanywa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila fungu la kitabu hupita katika kinywa cha mfasiri kabla ya kufika katika sikio la msikilizaji, na hapo ndipo maneno yetu ya kitaalamu, ambayo mengi yameundwa mezani, hupimwa kwa mara ya kwanza na watu wasioyaunda.

Hoja yetu ni hii. Katika habari za mazingira, neno lisilofaa haliishii kuwa kosa la lugha tu. Humfanya msikilizaji akose onyo lenyewe. Aliyeonywa juu ya sumu akasikia kuwa ni dawa, hakuonywa. Aliyeambiwa juu ya mabadiliko ya miaka thelathini akasikia habari za mvua ya kesho, naye hakuonywa. Basi yafaa tutazame maneno machache kama yanavyosikika kikundini, kisha tuone wataalamu waweza kujifunza nini hapo.

1. Asili ya kusoma kwa pamoja

Kusoma kwa pamoja si jambo geni kwetu. Katika miji ya pwani, tangu zamani, watu wameketi katika darsa msikitini: mmoja akisoma kitabu cha Kiarabu, na mwalimu akifasiri na kueleza kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Waliohudhuria hawakuhitaji wote kujua lugha ya kitabu, ila walihitaji mfasiri mwaminifu na ruhusa ya kuuliza. Kadhalika tendi zilitungwa ili zisomwe kwa sauti mbele ya watu. Twaweza kusema kwamba mtu kusoma peke yake, kwa macho tu na bila sauti, ndiyo desturi iliyokuja nyuma.

Baada ya uhuru, serikali ya Tanzania iliitumia njia hii kwa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza, baada ya viongozi wa vikundi wapatao 75,000 kupewa mafunzo. Kwa muda wa majuma 12 kila kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha redio, kikasoma sehemu ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kikazungumza, kisha kikaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja ile ya Misitu ni Mali. Hii ya mwisho yatuhusu zaidi, maana hapo mazingira yenyewe yalikuwa ndiyo somo.

Ipo tofauti moja kati ya vikundi vile na vya leo. Kitabu cha kampeni kiliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na maneno yake yalichaguliwa kwa ajili ya mkulima. Kikundi cha leo kinachochagua kitabu kilichotungwa Marekani au Uingereza, au hata Kenya lakini kwa Kiingereza, hakina mtu aliyekitangulia kuchagua maneno. Hapana budi kichague chenyewe.

2. Mpango wa kikao

Kikundi kinachofaa hakizidi watu kumi na watano, ili kila mmoja apate nafasi ya kusema. Pana msomaji, pana mfasiri, na pana katibu. Msomaji husoma fungu lisilozidi kurasa mbili. Mfasiri hulieleza. Kisha mtu mwingine, ambaye si mfasiri, huombwa alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Hatua hii ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa kuwa katika kurudia ndipo makosa hujitokeza. Mtu huitikia kwa kichwa akidhani ameelewa. Akitakiwa kulisema jambo lile, wote hutambua alichokisikia.

Kazi ya katibu ni kuandika kila neno lililowakwamisha watu, pamoja na maneno yaliyopendekezwa mahali pake. Daftari la katibu aliyefanya kazi yake kwa uangalifu kwa mwaka mmoja lina thamani kwa mtungaji wa kamusi, maana haliandiki tu jinsi watu wanavyosema, bali na jinsi wanavyoelewa.

3. Dawa na sumu

Kitabu kimoja kinachofaa kuanza nacho ni Silent Spring cha Rachel Carson, kilichotolewa mwaka 1962. Humo Carson alieleza jinsi sumu za kuulia wadudu, hasa DDT, zisivyokoma kwa mdudu aliyekusudiwa, bali huingia udongoni na majini, zikapita kwa nyungunyungu na samaki hadi kwa ndege, zikizidi kukusanyika katika miili ya viumbe. Mwaka 1972 Marekani ilikataza DDT kutumiwa katika kilimo.

Jina la kitabu chenyewe ni mtihani. Neno lake la pili lataja majira yanayofuata baridi kali, wakati miti inapochipua na ndege wanaporudi. Pwani yetu haina majira hayo. Mfasiri akisema masika, msikilizaji huona mvua kubwa na matope ya mwezi wa Aprili. Akisema demani, baharia huona pepo za kusi zikipungua nguvu. Akisema majira ya kuchipua, amesema sawa, lakini msikilizaji hana kumbukumbu yake. Yaelekea njia bora ni kuacha kulitafuta neno moja, na kuuliza: ndege gani wakinyamaza alfajiri, sisi tutajua kwamba jambo limeharibika? Kila kijiji kina jibu lake, na jibu hilo hufikisha maana ya jina lile kuliko tafsiri.

Lakini shida kubwa zaidi imo katika neno tunalolitumia kila siku. Kwa Kiswahili cha kawaida, kitu hicho huitwa dawa ya wadudu, au dawa tu: mkulima hupiga dawa, na mwenye nyumba hununua dawa ya mbu. Neno dawa lina uwanja mpana. Twasema dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya panya. Maana inayoyaunganisha yote ni kitu kinachoondoa taabu fulani. Kwa hiyo neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla ya hoja kuanza: limesema kwamba kitu hiki ni msaada. Carson aliona shida iyo hiyo katika Kiingereza, akapendekeza kwamba vitu hivyo visiitwe viua-wadudu bali viua-uhai, kwa kuwa haviwezi kuchagua. Msomaji wa Kiswahili ana safari ndefu zaidi, kwani yeye hatoki katika kiua-wadudu; atoka katika dawa.

Neno la serikali ya Tanzania ni viuatilifu, nalo limo hata katika jina la mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 kusimamia afya ya mimea. Neno hili lina sifa ya kutokusema dawa. Kasoro yake ni kwamba asiyefundishwa hasikii kitu ndani yake. Viuadudu ni wazi zaidi, lakini lamtaja aliyekusudiwa tu, na kuwaacha nyuki, samaki na mtoto aliyeokota chupa tupu. Kwa maoni yetu, kikundi kitafanya vyema kutumia viuatilifu katika maandishi, na katika mazungumzo kusema sumu ya wadudu. Mtu aliyezoea kuiita sumu hataiweka rafuni karibu na chumvi.

4. Hali ya hewa na tabianchi

Sasa tutazame neno lililo kiini cha mambo haya yote. Kwa muda mrefu Kiswahili kilitumia hali ya hewa kwa mambo mawili: mvua na jua la leo, na pia desturi ya mvua na jua ya mahali kwa miaka mingi. Hata leo, katika magazeti na redio, mabadiliko ya hali ya hewa na mabadiliko ya tabianchi husemwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Hasara yake ni dhahiri. Msikilizaji akiambiwa kwamba hali ya hewa inabadilika, hujibu kwa haki kabisa kwamba hali ya hewa hubadilika kila siku. Asubuhi jua, jioni mvua. Wataalamu hupima tabianchi kwa wastani wa miaka 30. Ripoti ya jopo la kimataifa la wanasayansi ya mwaka 2021 ilieleza kwamba joto la dunia limezidi kwa nyuzi 1.1 hivi kuliko lilivyokuwa kati ya miaka ya 1850 na 1900. Mtu atakayepima habari hiyo kwa kipimo cha siku moja atacheka, kwa maana tofauti ya nyuzi moja kati ya asubuhi na adhuhuri si kitu. Lakini wastani wa dunia yote kwa miaka mingi hausogei kwa urahisi, na unaposogea hivyo umesogeza bahari, barafu na mvua pamoja nao.

Neno tabianchi limelaumiwa kwa sababu mbili: kwamba nchi hazina tabia, na kwamba neno nchi lafanya jambo la dunia yote lionekane kuwa la Tanzania au Kenya peke yake. Lawama zote mbili zaweza kujibiwa kwa Kiswahili chenyewe. Ama nchi, maana yake ya zamani si dola yenye mipaka, bali ni ardhi yote, kama tusemavyo mbingu na nchi. Ama tabia, hilo ndilo neno lenye faida kubwa kuliko yote. Mtu mpole aweza kukasirika siku moja, na hasira hiyo haibadili tabia yake; jirani zake watasema leo ana jambo. Bali akikasirika leo na kesho, mwaka huu na mwakani, watasema tabia yake imegeuka, wala hawatahitaji kutaja siku ipi iligeuka. Hii ndiyo tofauti kamili kati ya mambo mawili yale, nayo imo ndani ya neno tayari. Kikundi kikielezwa hivi hukumbuka. Kinachokosekana si neno jipya, bali ni kulifungua lililopo.

5. Gesi, barafu na theluji

Neno gesijoto latupa mfano wa kinyume: neno lililoundwa kwa nia njema likaleta picha isiyo sahihi. Mjini, gesi ni mtungi wa kupikia. Msikilizaji asikiapo gesijoto hufikiri ni gesi yenye moto, inayotoka viwandani ikiwa imechemka, nayo ndiyo inayoipasha dunia joto. Sivyo. Gesi hizi hazitoi joto. Huzuia joto la ardhi lisitoroke kwenda juu. Mfano unaofaa umo jikoni. Kawa lililofunika sahani ya wali halina moto wowote, lakini wali hukaa na joto lake. Ukizidisha unene wa kawa, joto litadumu zaidi. Kama neno lingeundwa upya, gesi zizuiazo joto lingekuwa refu, lakini lingesema kweli.

Hewa ukaa nalo lina jambo la kupendeza. Asili yake ni ile ya makaa, lakini msikilizaji husikia ndani yake kitenzi kukaa, akaeleza kwamba ni hewa inayokaa. Kwa ilimu ya maneno amekosea. Kwa ilimu ya anga amepatia, maana sehemu ya hewa hiyo hukaa angani kwa karne nyingi baada ya kutolewa. Kiongozi wa kikundi asiharakishe kumsahihisha.

Katika habari za Kilimanjaro, watu husema theluji inayeyuka. Theluji ni ile iangukayo, nayo huja na kwenda. Yaweza kuanguka usiku na kutoweka kabla ya adhuhuri. Kinachopotea ni barafu ya miaka mingi. Kati ya mwaka 1912 na 2007, eneo la barafu ya mlima huo lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Asiyetofautisha maneno haya mawili, akiuona mlima umekuwa mweupe asubuhi moja, atasema kwamba habari zile zilikuwa uongo.

Pana jambo jingine hapa lenye kufunza. Wataalamu hawakukubaliana juu ya sababu. Wengine walitia mkazo joto la dunia. Wengine walionyesha kwamba hewa ya huko juu ilianza kuwa kavu tangu mwisho wa karne ya 19, mawingu na theluji zikapungua, na barafu ikakosa kulishwa. Kikundi kisifichwe habari hizi. Watu waliozoea kusikia pande mbili barazani hawaoni ajabu kwamba wenye elimu hubishana. Wanachokichukia ni kuambiwa kwamba hakuna ubishi, kisha wakaugundua wenyewe.

6. Mti wa Wangari Maathai

Katika vitabu vya Afrika Mashariki, Unbowed cha Wangari Maathai, kilichotolewa mwaka 2006, kinafaa sana. Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, asimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kijito, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye mti ule ulikatwa ili chai ipandwe, na kijito kikakauka. Hapo alitambua kwamba mwiko wa wazee ulikuwa ukilinda maji.

Mfasiri hukimbilia kusema mkuyu. Lakini Wakikuyu wana mukuyu na wana mugumo, na ni miti miwili mbalimbali, ingawa ni ya jamaa moja. Mfasiri akiiunganisha, mwiko huhamia mti ambao haukuwa wake. Yafaa jina mugumo libaki kama lilivyo, na kikundi kiulizwe: hapa kwetu ni mti gani usiokatwa, na chini yake pana nini? Swali hili huwapa wazee wasiojua kusoma nafasi ya kuwa walimu katika kikao cha kitabu.

7. Maneno yaliyokuwapo

Yasije yakadhaniwa kwamba habari za tabianchi ni ngeni katika lugha yetu. Kaskazi na kusi, matlai na maleleji, masika, vuli, mchoo na kipupwe: haya ni maneno ya watu walioitazama anga kwa karne nyingi. Pwani ilikuwa na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na kwa hesabu hiyo mabaharia walijua wakati wa kusafiri na wakulima wakajua wakati wa kupanda.

Elimu hii ni hazina, lakini nayo yahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka wa Nairuzi hauna siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne. Kwa hiyo ukilinganishwa na mwendo wa jua husogea nyuma siku moja kila miaka minne, karibu siku 24 au 25 kwa karne. Mzee akisema kwamba zamani masika yaliingia katika mwongo fulani, na sasa yachelewa, aweza kuwa ameona mabadiliko ya mvua, na aweza pia kuwa ameona kusogea kwa hesabu yenyewe. Njia ya kutofautisha ni kuweka maneno ya mzee kando ya daftari la kipimo cha mvua la miaka mingi. Kikundi kikifanya hivyo, kitabu, mzee na kipimo husomwa pamoja. Hakuna anayedharauliwa, na hakuna anayeaminiwa bila kuulizwa.

8. Mapendekezo

Tangu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, kazi ya kusanifisha maneno imefanywa zaidi na watu wenye kalamu. Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili kilianzishwa mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na kamusi za maneno ya sayansi zimetolewa. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini neno lililoafikiwa na kamati limefaulu mtihani mmoja tu. Mtihani wa pili ni msikilizaji.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha za maneno ya mazingira zipelekwe katika vikundi vya wasomaji kabla ya kupigwa chapa, na kila neno liulizwe: umesikia nini ulipolisikia? Pili, madaftari ya makatibu yakusanywe na kuhifadhiwa vyuoni, pamoja na tarehe na mahali, ili mtafiti wa baadaye aone jinsi maana ilivyokwenda. Tatu, kamusi zisitoe neno la namna hii kwa fasili kavu tu, bali na mfano mmoja wa maisha, kama ule wa mtu mwenye hasira au ule wa kawa na wali.

Vitabu vya tabianchi vitaendelea kuja, na vingi vitakuja kwa lugha za wengine. Wakulima wa mpunga wa Rufiji, wavuvi wa Pemba na wafugaji wa Kajiado watayapata mambo yaliyomo kwa Kiswahili, au hawatayapata kabisa. Wao ndio watakaoamua kupanda lini, kuvua wapi na kuhamisha mifugo wakati gani; ni haki yao kuamua kwa maneno wanayoyaelewa.